Duka la baba lisizikwe pamoja na baba

Asubuhi na mapema, kabla motari wa Goma hawajaanza kuita wateja, kadhafi amekwisha kupanga chupa zake kando ya barabara. Kila mtu hapa anamjua. Jina lake lilitoka kwa yule kiongozi wa Libya, nchi ya mafuta, na leo linasikika Goma, Bukavu hata Kinshasa. Kadhafi hana pompi wala paa. Ana bidoni ya lita 20, chupa za maji zilizojazwa esanse, kitambaa cha kuchujia na kipande cha chupa kilichokatwa kitako ili kumiminia. Karibu yake mara nyingi kuna mama anayeuza mandazi, chai, sabuni na uniti za simu. Motari anaweka lita moja, anakunywa chai, anaondoka.

Wanaopita ndani ya magari makubwa wanamwona mtu huyu kama uchafu wa barabara. Wakubwa wa mji wanamkumbuka siku ya kumfukuza au siku ya kumtoza. Lakini yule kadhafi na yule mama, kama ni mtu na mke wake, tayari wanashika vitu viwili vilivyojenga moja ya familia kubwa za biashara huko Pennsylvania, Marekani: mafuta ya gari na chakula cha haraka, mahali pamoja. Kitu cha tatu ndicho kinachokosekana, na hicho hakiuzwi sokoni Virunga wala sokoni Kadutu.

Familia hiyo inaitwa Sheetz. Wakongomani wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi waliwekwa Pennsylvania, Ohio au Carolina ya Kaskazini, na huko kote stasio za Sheetz, zenye rangi nyekundu, ziko kando ya barabara kubwa. Zimepita 700, na wafanyakazi wake wamepita 25,000. Ndani ya kila moja kuna kile ambacho Goma kinaitwa alimentasio: vinywaji, mkate, kahawa, sigara, chakula cha moto. Taa hazizimwi usiku wala siku ya sikukuu. Mtu akizitazama kwenye picha anazotumiwa na jamaa yake, anaweza kudhani kwamba ni benki au serikali iliyozianzisha. Zilianza na duka moja la maziwa, ambalo kijana alilinunua kwa baba yake.

Hapo msomaji asimame kidogo. Alilinunua. Mwaka 1952, katika mji wa Altoona, baba alikuwa na maduka matano ya maziwa. Kijana wake Bob Sheetz hakungoja baba afe ndipo agombane na ndugu zake juu ya funguo. Hakupewa pia bure. Alichukua duka moja kati ya yale matano kwa njia ya kununua, na kuanzia siku ile ilijulikana kwa wote lipi ni la baba na lipi ni la mtoto. Katika familia nyingi za Kivu jambo kama hilo lingeonekana kama matusi. Mtoto anamlipa baba? Watu wangesema mzee ana roho mbaya, au kijana anajiona. Lakini ni afadhali aibu ya siku moja kuliko kesi ya miaka kumi na tano.

Altoona si mji wa bahati. Ulizaliwa mwaka 1849 kwa sababu kampuni ya reli ya Pennsylvania ilihitaji karakana chini ya milima, kabla treni hazijaanza kupanda. Reli ilikuwa kila kitu pale: kazi, shule ya ufundi, heshima ya mtu. Mwaka 1930 mji ulikuwa na watu karibu 82,000. Baadaye magari na malori yalichukua kazi ya treni, karakana zikapunguza watu, na leo Altoona ina watu kama 44,000 tu. Wazee wa Kalemie au Kindu, ambao waliona reli ikiwa hai na kisha ikilala, wanaelewa hali hiyo bila kufundishwa. Duka la Sheetz lilikua ndani ya mji uliokuwa ukipungua.

Hata maziwa yenyewe yalikuwa biashara inayozeeka. Zamani mtu wa maziwa alipita mlango kwa mlango na chupa zake. Familia ziliponunua friji na maduka makubwa yalipofunguliwa, hakuna aliyemngoja tena. Kampuni nyingine ya jimbo hilo hilo la Pennsylvania, Wawa, ambayo watu wa huko wanaibishania na Sheetz kama watu wanavyobishania timu za mpira, ilipita njia hiyo hiyo: nayo ilikuwa ya maziwa, na ilipoona wateja wa nyumbani wanaisha, ilifungua duka lake la kwanza la vyakula mwaka 1964. Familia hizo mbili zilikuwa na wateja walioondoka, zikawafuata walikokwenda. Watu wa Masisi wana ng'ombe na wana fromaji inayojulikana hadi Kinshasa, na vita imewakata na wateja wao mara nyingi kuliko friji ilivyowakata wale wa Altoona. Ambao wameendelea ni wale waliotafuta mteja mpya mapema, hata kama ni kwa kilo mbili kwa wiki.

Halafu kuna miaka ambayo watu hawapendi kuisimulia, kwa sababu hakuna kilichotokea. Tangu 1952 hadi 1963 Bob Sheetz alikuwa na duka moja. Miaka kumi na moja! Mwaka 1961 alimchukua ndugu yake mdogo, Steve, akafanya kazi baada ya masomo. Miaka miwili baadaye ndugu hao wawili walifungua duka la pili. Mwaka 1972 ndipo walipotoka maduka 7 wakafika 14. Kwa hiyo miaka ishirini ilipita kabla ya mtu wa nje kuona kwamba kuna kitu kinakua. Goma ina vijana wengi wenye akili ya biashara ambao duka la kwanza likitoa faida ya miezi sita, wanafungua la pili, wananunua gari, wanafanya sherehe ya ubatizo yenye mahema manne, na mwaka unaofuata wanaomba deni la kujaza duka la kwanza. Uvivu hawana. Wanasukumwa na ukoo na majirani, ambao wanataka kuona mali kabla ya mali kuwepo.

Mwaka 1973 unastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu unaunganisha Altoona na Kongo bila watu wa pande mbili kujua.

Mwaka ule familia ya Sheetz iliweka pompi za esanse mbele ya maduka yake. Jambo jipya katika sehemu ile ya Pennsylvania lilikuwa kwamba mteja alijiwekea mafuta mwenyewe. Zamani alibaki ndani ya gari na kijana wa stasio alimhudumia. Sasa mteja anashuka, anajaza, na anaingia ndani kulipa. Akiingia anakuta maziwa, mkate na kahawa. Pompi ikawa mlango wa duka. Wala haukuwa mwaka rahisi wa kuanza kazi hiyo: mwezi wa kumi nchi za Kiarabu zilikata mafuta kwa Marekani kwa sababu ya vita na Israeli, bei ikapanda, magari yakapanga foleni.

Na mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule, tarehe 30, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapita mikononi mwa Wazaire. Maduka ya Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wabelgiji yalipewa watu walioitwa akererе kwa Kifaransa cha wakati ule, yaani wapokezi. Wengi walikuwa watu wa chama na marafiki zao. Wazee wa Bukavu, Goma na Kisangani wanakumbuka kilichofuata: mpokezi aliuza vitu vilivyokuwa kwenye rafu, akala pesa, na rafu zikabaki tupu. Hakujua mzigo unaagizwa wapi, kwa mkopo gani, kwa imani ya nani. Kufika 1976 serikali yenyewe ililazimika kuwaita wenye mali wa zamani warudi wachukue sehemu. Wengi hawakurudi.

Kwa majuma yale yale, basi, familia moja ilikuwa inaongeza pompi kwenye duka ililolijua kwa miaka ishirini, na huku maduka mazima yalikuwa yanagawiwa kwa watu ambao hawakulala hata usiku mmoja ndani yake. Mpokezi wa 1973 alipewa kuta, mlango na mzigo wa mwisho, lakini ujuzi wa kujaza rafu tena hakupewa, maana hakuna wa kumpa. Ugonjwa ule haukufa na Mobutu. Unarudi kila siku ya matanga, wakati baba mdogo anapotoka kijijini, anachukua funguo za butiki ya marehemu mbele ya mjane, na baada ya mwaka mmoja rafu ziko kama zile za 1974. Mjane ndiye aliyejua mteja gani analipa mwisho wa mwezi na nani anadanganya. Huyo ndiye aliyefukuzwa.

Turudi kwenye pompi. Watu wengi wanafikiri mwenye stasio anatajirika kwa mafuta. Marekani, kwenye galoni moja, ambayo ni karibu lita nne, mwenye stasio anabaki na senti chache tu baada ya kulipa gharama. Bei iko kwenye ubao mkubwa, jirani yake ana ubao wake, na dereva anakwenda penye nafuu. Faida yenyewe iko kwenye kahawa na mkate. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 Sheetz walianza kutengeneza chakula papo hapo, kwa namna mteja anavyotaka, na katika miaka ya 1990 wakaweka vioo ambavyo mteja anagusa kwa kidole kuchagua nyama, jibini, pilipili. Dereva wa lori, muuguzi wa zamu ya usiku, askari polisi, mwanafunzi, wote walikuta mahali pamoja penye taa saa nane za usiku.

Goma inajua hesabu hiyo bila kuiandika. Esanse inayouzwa hapa imesafiri kutoka bandari za Mombasa au Dar es Salaam, ikapita mipaka na vizuizi, na kila mtu njiani amekata chake. Kadhafi anabaki na kidogo sana kwa lita. Mama wa mandazi pembeni yake, kwa ndoo moja ya unga, anaweza kuwa na faida bora kuliko bidoni nzima. Lakini katika nyumba nyingi kazi ya bwana ndiyo inaitwa biashara, na ya mama inaitwa kusaidia. Pesa ya mandazi inanunua ugali, karo na dawa. Pesa ya esanse ndiyo inahesabiwa kama mtaji. Nyumba ikifanya hesabu ya kweli mwisho wa wiki, huenda mtaji ukaonekana uko kwenye ndoo.

Jambo moja haliwezi kupitwa. Esanse inaua. Mwezi wa kwanza mwaka 2002, siku chache baada ya volkano Nyiragongo kumwaga moto wake katikati ya Goma, watu waliingia kwenye stasio moja kuchota mafuta karibu na lava iliyokuwa bado na joto. Moto ulilipuka na kuua makumi ya watu. Waliozaliwa baada ya hapo sasa ndio kadhafi. Wanakaa na chupa zao karibu na makaa ya mama wa chai, na hapo usiku wanaweka bidoni ndani ya chumba kimoja wanacholala na watoto. Ni kosa, na kosa hilo halitaondolewa kwa mbio za polisi. Mji ungeweza kuwapa sehemu zilizo wazi, mbali na nyumba, penye mchanga na ndoo, wakalipa kodi moja inayojulikana na kupewa karatasi moja inayoheshimiwa. Kuwafukuza asubuhi na kununua kwao jioni ni mchezo ambao kila mtu ameuchoka.

Familia ya Sheetz nayo si ya malaika, na itakuwa uongo kuisimulia kama hadithi ya Biblia. Mwaka 2004 mamia ya watu katika majimbo kadhaa waliugua tumbo kwa sababu ya nyanya zenye vijidudu vya salmonela zilizokuwa kwenye vyakula vya maduka hayo. Nyanya zilikuwa zimekatwa na kampuni nyingine iliyoziuza kwao. Lakini mteja aliyelala hospitalini hakuijua kampuni ile. Alijua jina lililoandikwa mlangoni. Kila mama anayeuza chakula kando ya barabara aliye na maji ya kununua kwa bidoni anajua hofu hiyo: maji yakiwa machafu, jina litakaloharibika ni lake, si la mwenye lori la maji.

Kuna jingine linalouma zaidi. Kwa miaka kampuni ilikuwa na kanuni iliyokataza kuajiri mtu ambaye meno yake yamekosekana, yamevunjika au yamebadilika rangi kwa namna inayoonekana. Waliiita kanuni ya tabasamu. Mtu maskini, ambaye hakuwa na pesa ya daktari wa meno, alikosa kazi ya kuuza kahawa kwa sababu ya umaskini uleule uliomfanya aitafute. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2023 baada ya malalamiko kutoka nje. Mwaka uliofuata, ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda haki za wafanyakazi iliishitaki kampuni, ikisema namna yake ya kuchunguza kama mtu aliwahi kuhukumiwa iliwatoa Weusi na watu wa asili wa nchi ile kwa wingi kuliko wazungu. Kampuni ilikana. Mwaka 2025, baada ya Washington kubadili siasa yake, ofisi hiyo yenyewe iliomba kuiacha kesi. Mkimbizi wa Kongo anayetafuta kazi kule afahamu kwamba neno familia juu ya mlango halimaanishi kwamba kila anayeingia anahesabiwa kama mtoto wa nyumba.

Hata hivyo, upande wa wafanyakazi kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa Kivu wangefanya vema kulitazama. Sheetz, kama Wawa, ina mpango unaowapa wafanyakazi sehemu ya umilikaji wa kampuni, ambayo inakua kadiri mtu anavyokaa. Anayefagia na anayekaanga anajua kwamba duka likipata, naye kuna kitu kinamngoja uzeeni. Butiki za Goma zina shamba boi wa mali, kijana aliyekaa miaka kumi na mbili akibeba funguo, akijua kila mteja, na mshahara wake ni chakula na ahadi. Siku anapoanza kuiba, watu wanasema vijana wa leo wameharibika. Labda. Labda pia alichoka kuhesabu pesa ambayo hakuna hata faranga moja yake ndani.

Sasa, kile kitu cha tatu. Familia ya Sheetz imebadilisha mkuu mara nne, na hakuna hata mara moja matanga ndiyo yaliyoamua. Bob alipokwisha kufikisha maduka kama 100, alimwachia kazi ndugu yake Steve mwaka 1984. Steve akampa nafasi Stan, mtoto wa Bob, mwaka 1995. Mwaka 2013 akashika Joe, na mwaka 2022 Travis, wote wa ukoo huo. Kila mara aliyetoka alikuwa hai, na mara nyingi alibaki kwenye baraza la wakubwa, akiona mdogo wake au mtoto wake anavyokosea na kusahihisha. Tazama pia kwamba Bob hakumpa mtoto wake kwanza. Alimpa ndugu aliyekua ndani ya kazi tangu utoto, na ndugu yule akairudisha kwa mtoto wa kaka. Baba mdogo alikuwa daraja. Huku kwetu jina la baba mdogo kwenye mambo ya mirathi linaleta baridi mwilini, na wapo baba wadogo wema wanaobeba aibu ya wengine.

Msikilizaji atasema: hao wana amani, wana benki, wana mahakama. Ni kweli, na haifai kuificha. Hakuna aliyekuja Altoona usiku kuchoma duka la maziwa. Mji wa Goma benki zake zilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za wakimbizi wa ndani kando ya mji zikavunjwa mwezi wa pili, na familia zilizokuwa na butiki Sake, Kitshanga au Rutshuru zilijikuta mara ya pili au ya tatu zinaanza na bidoni moja au sinia la nyanya. Kumwambia mtu wa hali hiyo awe na subira ya miaka ishirini kunaweza kuonekana kama dharau. Likelemba ya wiki ndiyo benki yake, na hata hiyo inavunjika risasi zikisikika.

Tena si kila familia yenye amani inafika mbali. Kule Iowa, ambako pia kuna Wakongomani wengi, kulikuwa na kampuni ya namna hiyo hiyo iitwayo Kum & Go, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kushikwa na ukoo wa Krause hadi kizazi cha nne. Mwaka 2023 ilikuwa na stasio zaidi ya 400, na mwaka huo ukoo uliiuza kwa Maverik, kampuni nyingine. Wenyewe walikaa, wakahesabu, wakatia sahihi. Kuuza si kufa. Mtu aliyeuza akiwa hai na akagawa pesa mbele ya watoto wake amewaachia kitu kuliko yule aliyewaachia ukuta na ugomvi.

Lakini vita haikatazi kila kitu. Vita inaweza kuchukua mzigo. Haijui orodha ya wadeni iliyoandikwa na kuhifadhiwa na mama katika kitenge chake. Mengi ya yanayoua biashara za Kivu hufanyika wakati wa utulivu, kati ya ndugu, baada ya mazishi. Na juu ya hilo Kongo ina sheria, ambayo watu wengi wanaisikia mara ya kwanza wakiwa tayari mahakamani.

Sheria ya familia ya tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 1987 inasema watoto wa marehemu, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa kama aliwatambua akiwa hai, wanachukua robo tatu za mali aliyoacha. Robo inayobaki ni ya mjane au mgane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Hiyo ni mbali na sehemu ya mjane mwenyewe katika mali ya ndoa, kufuatana na utaratibu waliouchagua siku ya kuandikisha ndoa. Kwa hiyo baba mdogo ana haki, lakini ni kipande cha robo, siyo funguo zote. Na tangu mabadiliko ya mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake ili afanye biashara. Sheria za biashara za OHADA, ambazo Kongo iliingia mwaka 2012, zinamtambua hata mchuuzi mdogo kabisa: anajitangaza tu ofisini, na anapata namba yake. Ndoa ambayo haikuandikishwa kwenye ofisi ya serikali inaweza kumwacha mjane mikono mitupu. Wachungaji, mapadri na maimamu wanaobariki ndoa kila Jumamosi wangeweza kuuliza karatasi hiyo kabla ya kuuliza pete.

Mashirika yanayowapa wakimbizi wa ndani mtaji mdogo nayo yana swali la kujibu. Yanafundisha namna ya kuweka akiba, namna ya kuhesabu faida, na yanapiga picha siku ya kugawa. Mara chache yanauliza: ukifa, nani atauza kesho? Mama akipewa dola 100 aanze kuuza unga, na jina lililoandikwa ni la bwana peke yake kwa sababu ndiye mkuu wa nyumba, shirika limekwisha kuandaa ugomvi wa baadaye kwa pesa ya msaada.

Notari anagharimu, na kwa aliye mbali na mji hata hayupo. Lakini sheria ya Kongo inakubali wasia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi yake. Ukurasa mmoja wa daftari la mtoto unatosha. Mzee mwenye butiki ya Birere anaweza kuandika leo jioni, taa ya simu ikiwa mkononi mwa mke wake: chumba hiki ni cha kupanga, kile ni chetu; mzigo wa mwisho umelipwa nusu; anayeleta bidoni anaitwa fulani na anadai lita arobaini; mwalimu wa jirani ana deni la miezi miwili, asisukumwe; kijana wa duka ana pesa yake ndani, kiasi hiki; funguo zibaki na mama wa watoto.